Sura ya Sita: Mkono wa Mama Serafina

Jumapili ile Mama Serafina alimpa Evod mkono kwa mara ya kumi na moja, na Kandida, aliyesimama hatua tatu nyuma ya mama yake, akatazama chini ili asione.

Mgeni angedhani ni jambo jema. Misa imekwisha, watu wanamiminika uwanjani, na mama mtu mzima mwenye kitenge kilichopigwa pasi anamkuta kijana mlangoni pa kanisa. "Tumsifu Yesu Kristu," anasema mama. "Milele amina," anajibu kijana. Kisha mama anautwaa mkono wa kijana, anaubana hasa, anautikisa mara tatu na kwenda zake. Kuna heshima gani zaidi ya hiyo?

Ila wengi waliokuwa uwanjani pale asili yao ilikuwa upande wa Mahenge, na wao hawakuhitaji kufafanuliwa. Katika ukoo wa Mama Serafina, mwanamke hamgusi mume wa binti yake. Hampi mkono, hapokei kitu kutoka kiganjani mwake, na akiwa na neno la kumwambia humpitishia binti. Fidel, aliyemwoa Serafina, dada yake Kandida, alikuwa na mwaka wa sita katika ukoo ule na hakuwahi kumgusa mama mkwe wake hata kwa ncha ya kidole. Mwaka juzi mama alipougua malaria akashindwa kusimama, Fidel alileta baiskeli mpaka mlangoni, akaiegemeza ukutani, akaenda kusimama nyuma ya nyumba hadi alipopatikana jirani wa kumnyanyua mgonjwa.

Kwa hiyo mkono ule wa kila Jumapili ulikuwa jibu. Mama Serafina alikuwa akiitangazia parokia nzima kwamba Evod si mkwe wake, na asitarajie.

Mshenga wa Evod alikuwa amekwenda nyumbani kwao mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mama hayupo, na aliyemwambia hivyo, kupitia dirishani, alikuwa mama mwenyewe. Mara ya pili alipokelewa, akapewa kiti, barua ya posa ikapokewa. Mama Serafina aliigeuza bahasha, akaona alama nyeusi ya kidole gumba, oili ya gari, akairudisha bila kuifungua. "Mwambie aliyekutuma akanawe kwanza," alisema.

Baba yake Kandida alikuwa marehemu, na baba zake wadogo kule Mahenge walikwisha kusema kwamba neno la Mama Serafina ndilo neno lao. Sasa alikuwa amejitokeza Dionisi, mtunza stoo wa kiwanda cha sukari, mtu ambaye viatu vyake havikujua vumbi. Mshenga wake angekuja Jumapili inayofuata, baada ya misa, kuchukua jibu. Mama alikuwa tayari ameshaanza kuulizia jogoo.

Kandida alikuwa na siku saba.

*

Sasa tuje kwenye pikipiki, maana bila hiyo Kandida na Evod wangeendelea kusalimiana kwa mbali mpaka uzeeni.

Mwaka uliotangulia, wakati wa masika, Mzungu mmoja mrefu aliyekuwa akisafiri kutoka Afrika Kusini kurudi kwao Ulaya kwa barabara aliingia Ifakara akiwa anatetemeka kwa homa. Pikipiki yake ilikuja siku mbili baadaye, juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mzungu aliuguzwa, akapona nusu, akapandishwa ndege. Alipofika kwao aliandika barua ya shukrani, akasema hataifuata pikipiki, wabaki nayo walionusuru maisha yake. Ikakaa bandani misheni. Kuku wakatagia juu ya tangi, panya wakala kiti.

Kisha Evod akaikuta. Evod alikuwa mtoto wa mvuvi wa Malinyi, fundi wa gereji ya misheni, kijana mpole wa maneno machache ambaye angeweza kusikia ugonjwa wa injini kabla gari halijaingia getini. Aliifungua pikipiki ile nati moja baada ya nyingine kwa miezi minane. Gasketi za injini alizituma yule Mzungu kwa posta kutoka Ulaya, zimefungwa ndani ya soksi. Kiti alikibeba kichwani mpaka sokoni, kwenye baraza alikokuwa Kandida na cherehani yake, akauliza kama dada anaweza kukishonea ngozi mpya.

"Hiki ni kiti au godoro?" Kandida alimuuliza.

"Ni kiti," Evod alisema. "Mwenyewe ni mkubwa."

Kile kiti kilivunja sindano tatu, na siku Evod alipokuja kukichukua wote wawili walitafuta kasoro ya kusingizia ili kibaki wiki moja zaidi.

Jumamosi ile ya Julai, mwaka tisini na nne, siku moja kabla mshenga wa Dionisi hajafika, pikipiki ilikuwa imekamilika. Kandida aliikuta imesimama uwanjani, nje ya gereji, na miguu yake ikasita yenyewe. Alikuwa ameiona vipande vipande, kipande hiki kwenye debe, kile kwenye gazeti. Nzima hakuwahi kuiona. Tangi lilikuwa pana kuliko kifua cha mtu. Mbele ilikuwa na kioo kirefu cha kukinga upepo, nyuma masanduku mawili, moja kila ubavu, na injini ilitokeza huku na huku kama viwiko vya mtu aliyeshika kiuno. Uzito wake ulikuwa magunia mawili na nusu ya mchele.

"Inatembea?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Hapa uwanjani inatembea. Padri Raimundi anataka jaribio la kweli. Niende nayo Kisawasawa na kurudi, nikiwa na mtu nyuma, kwa sababu yeye ataendea nayo vigangoni na katekista. Nilimwambia nitafunga gunia la mchele. Akasema gunia halijui kuogopa. Mtu akiogopa anajitikisa, na Padri anataka ajue mtu akijitikisa inakuwaje."

"Umempata huyo mtu?"

"Nimemwomba katekista. Amesema ana watoto saba. Nikamwomba mlinzi. Alikuwa mzima, nilipoiwasha tu akasema anaumwa."

"Mimi sina watoto wala siumwi," Kandida alisema.

Evod aliacha kufuta kioo. "Na mama?"

"Yuko Mang'ula kwa mama mdogo, amefuata jogoo na sahani za kesho. Pikapu atakayorudi nayo huondoka kule saa kumi. Mpaka Kisawasawa na kurudi ni muda gani?"

"Barabara imepita greda wiki hii. Tukitoka saa nane, saa kumi tuko hapa."

"Basi yeye atakuwa ndiyo kwanza anapanda."

"Kandida, hizo sahani za kesho ni za watu wa Dionisi."

"Najua ni za nani," alisema Kandida. "Ndiyo maana nataka kupanda leo."

Alikuwa amejishonea sketi pana kwa ajili hiyo hiyo, jambo linaloonyesha kwamba wazo halikumjia ghafla pale uwanjani. Evod alimvalisha helmeti ya Mzungu, akaufunga mkanda chini ya kidevu chake, na vidole vyake vilivyoweza kutofautisha nati kwa kuzigusa gizani vilihangaika na kile kifungo kidogo kwa muda mrefu usio wa lazima. Kandida aliyaona macho yake kwa karibu kuliko siku zote. Yalikuwa na usingizi wa miezi minane.

"Nyuma yako kuna chuma," Evod alisema. "Shika hicho. Nikilala upande, lala na mimi. Usishindane na mimi."

"Nikiogopa je?"

"Ukiogopa niambie. Nitapunguza."

Akabonyeza kidude kidogo, na dude lile likaamka. Kandida alikuwa amejiandaa kwa kelele. Haikupiga kelele. Ilinguruma chini chini, na ngurumo hiyo akaisikia kwenye mifupa ya nyonga kabla haijafika masikioni.

*

Walipita sokoni polepole, na soko likanyamaza. Mwenye mizani aliacha mizani ikining'inia. Walivuka daraja la Lumemo, ambako akina mama waliokuwa wakifua waliinua vichwa, mmoja akiwa na shati lililojaa povu mkononi. Kisha nyumba zikaanza kuachana, mashamba yakashika nafasi, na Evod akaingiza gia ya tatu, na ya nne.

Kandida alikishika kile chuma kwa mikono yote miwili. Alifumba macho. Alipoyafumbua, alisahau kuogopa.

Tangu azaliwe aliishi chini ya milima ya Udzungwa na hakuwahi kuiona ikitembea. Leo ilitembea. Upande wa kushoto ilikwenda nao sambamba, mgongo baada ya mgongo, misitu yake myeusi ikishuka mpaka karibu na barabara, na kwa mbali juu kabisa uzi mweupe wa maji ukianguka kimya. Upande wa kulia bonde lilikuwa limefunguka lote, mabua ya mpunga uliovunwa, moshi wa hapa na pale, na anga ambayo haikuwa na mwisho. Kila siku alikuwa akiliona bonde hili kipande, kati ya nyumba na nyumba. Sasa lilimjia lote kwa mara moja, na kifua kikamjaa mpaka akahisi atalia bila kuwa na huzuni yoyote.

"Unaogopa?" Evod aliuliza, akigeuza kichwa kidogo.

"Hapana."

"Unanyamaza."

"Evod, hivi vitu vyote vilikuwa hapa?"

Alimsikia akicheka, kicheko ambacho hakukijua, cha mtoto aliyeachiwa akacheze. "Shika vizuri. Mbele imenyooka."

Palikuwa pamenyooka kweli, na greda ilikuwa imepaacha pamelainika. Pikipiki ilijikaza, ikanyanyua pua kidogo, na upepo ukagonga kioo na kupita juu yao. Hapo Kandida alikiacha kile chuma. Hakuamua. Mikono ilikwenda yenyewe, ikazunguka kiuno cha Evod na kukutana mbele, na kupitia shati lake alihisi moyo wake ukidunda haraka kuliko injini. Kona ilikuja. Evod akalala, naye akalala pamoja naye, na ardhi ikasogea karibu na goti lake kisha ikarudi mahali pake. Padri angependa kujua mtu akijitikisa inakuwaje. Siku hiyo hakuna aliyejitikisa.

Kwa muda wote ule Kandida hakumkumbuka Dionisi hata mara moja. Alipomkumbuka, walikuwa wameshapita Kiberege, na ilikuwa kama kukumbuka jino bovu. Alikaza mikono.

"Nikirudi nyumbani," alisema karibu na sikio lake, "sitaweza kukaa na mtu mwingine."

Evod aliondoa mkono wake wa kushoto kwenye usukani, akaufunika wa Kandida mara moja tu, akaurudisha.

*

Kosa lilifanyika Kisawasawa, na lilikuwa kosa la kifundi. Kando ya barabara palikuwa na pikapu imeinama upande mmoja, mizigo imeshushwa, watu wamekaa juu ya magunia. Mtu mwingine angepita. Fundi hapiti gari lililokwama, ni kama daktari kuruka mgonjwa. Evod alikuwa ameshapunguza mwendo Kandida alipokiona kile kitenge.

"Usisimame," alinong'ona.

Lakini alikwisha kusimama.

Mama Serafina alikuwa amekaa juu ya gunia, kapu la sahani miguuni, jogoo mwekundu kwapani. Pikapu ilikuwa imetoka Mang'ula saa saba badala ya saa kumi, kwa sababu dereva alikuwa na msiba. Mama aliitazama pikipiki, akamtazama aliyeiendesha, kisha akamtazama kwa utulivu mkubwa yule aliyekuwa nyuma, mwenye helmeti.

"Kandida," alisema. "Hiyo sketi naijua."

Mikono ya Kandida ilikuwa bado kiunoni mwa Evod. Aliutoa mmoja, kisha wa pili. Alishuka, akavua helmeti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyumba umemwachia nani?"

"Nimefunga, mama."

"Umefunga nyumba ukaja kumkumbatia mwanamume barabarani. Na sufuria umejivika kichwani ili Mungu asikutambue."

Watu juu ya magunia walicheka. Mama Serafina hakucheka.

"Ni jaribio, mama. Padri alisema lazima pawe na mtu nyuma."

"Padri alikutaja jina?"

Kandida aliitazama helmeti mikononi mwake.

"Nakuuliza."

"Hapana, mama."

Evod naye alikuwa amechutama mbele ya mama, viganja kati ya magoti. "Shikamoo, mama. Kosa ni langu."

"Marahaba. La kwako nalijua siku nyingi."

Evod aliinuka akaenda kulala chini ya pikapu, mahali ambapo daima alijua la kufanya. Alipotoka alimtazama dereva na kutikisa kichwa. Springi kuu imekatika, na ya chini yake pia. Haiungwi barabarani. Wakipata nyingine Kidatu, labda kesho jioni. Basi la kwenda Ifakara lilikuwa limepita asubuhi, na jingine lingepita kesho yake.

"Kesho baada ya misa nina wageni," Mama Serafina alisema, kama aliyekuwa akiiambia pikapu.

"Nitakupeleka mimi, mama," Evod alisema.

Hapo ndipo mama alipoinuka na kuisogelea pikipiki. Aliizunguka yote. Alijiona kwenye kioo cha pembeni, akarekebisha kilemba. Aliinama akatazama injini ilivyotokeza, akagusa kiti, akapitisha kidole kwenye mshono ambao Kandida aliuvunjia sindano. Uso wake haukusema kitu, lakini Kandida alimfahamu mama yake, na aliiona pumzi yake ikisita.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza hii?"

"Ndiyo, mama. Kiti ni Kandida."

Mama alisimama kidogo. Kisha akaamua, na alipoamua alikuwa mama yule yule wa kanisani. "Vizuri. Kandida atalala hapa Kisawasawa kwa jamaa yetu, mama yake Agnella, atakuja na gari kesho. Wewe utanipeleka mimi." Akamkabidhi binti yake jogoo, akakaza kitenge, na mbele ya watu wote wa Kisawasawa akaunyosha mkono. "Nishike nipande."

Ulikuwa mkono wa kumi na mbili. Kandida aliujua ulivyo, mpana, wenye sugu za jembe, umetulia hewani. Ulikuwa na akili mkono ule. Evod akiushika atakuwa amemsaidia mama aliyekwama njiani, na nani angemlaumu? Kisha mama angekaa nyuma yake na kumshika kiuno kilomita thelathini, sokoni wote wangewaona, na habari ingekuwa imekwisha bila barua wala mshenga.

Evod aliutazama mkono. Kisha akageuka, akaokota kreti tupu ya soda iliyokuwa kando ya kibanda, akaiweka chini ubavuni mwa pikipiki iwe ngazi, akarudi nyuma hatua tatu.

"Nimesema nishike," mama alisema.

"Siwezi, mama."

"Jumapili uliweza."

"Jumapili ulinishika wewe. Mara zote kumi na moja umenishika wewe. Mimi sijakushika hata mara moja."

Hakuna aliyecheka sasa. Jogoo aliguna kwapani mwa Kandida.

"Basi leo nishike nifike nyumbani. Unataka kuniacha njiani kwa kiburi?"

"Sitakuacha, mama. Ukitaka, kaa juu, nami nitaisukuma kwa mikono mpaka Ifakara. Tutafika alfajiri, na misa utaiwahi. Au Kandida akae katikati yetu, tutafika jua likiwa bado liko juu." Alifuta viganja vyake kwenye suruali. "Lakini nikiupokea huo mkono kwa hiari yangu, nitakuwa nimesema mwenyewe kwamba Kandida si wangu. Wengine waseme. Mimi siwezi kulisema hilo, hata kwa mkono."

Kandida hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Aliogopa. Aliogopa kuliko pale alipofumba macho juu ya pikipiki, kwa sababu hapa hakukuwa na wa kumwambia apunguze. Mama yake hakuwa mtu wa kukataliwa mbele za watu. Neno moja tu, na kesho angekuwa mtu wa Dionisi.

Mkono ulikuwa bado hewani.

"Nani amekuruhusu kuniheshimu namna hiyo?" Mama Serafina aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Fidel aliruhusiwa. Barua yake ilisomwa, ikajibiwa, ndipo akaanza kunikwepa. Wewe barua yako sikuifungua."

"Najua."

"Ilikuwa na oili."

"Nilinawa, mama. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa na kwa mchanga. Haitoki."

Mama Serafina alivitazama viganja vya Evod, kimoja baada ya kingine.

"Najua haitoki," mama alisema hatimaye, kwa sauti ambayo Kandida hakuwa ameisikia tangu matanga ya baba yake. "Marehemu alifanya kazi na wajenzi wa reli miaka mitatu. Nilikuwa nafua mashuka kila siku."

Akautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umenyooshwa, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeusahau pale. Akaurudisha polepole, akauingiza chini ya kitenge.

"Kandida," alisema. "Panda. Kaa katikati."

Evod aligeukia milimani haraka, akawa anaitazama kana kwamba kuna kitu kimempotea kule juu. Mabega yake yalipanda na kushuka.

*

Dereva wa pikapu ndiye aliyemnyanyua Mama Serafina. Mama alikaa upande, miguu juu ya sanduku, mkono mmoja umemzunguka binti yake. Kapu la sahani liliingia sanduku la kulia, jogoo la kushoto, kifuniko kikaachwa wazi kidogo ili apate hewa. Helmeti ilitoka kwa Kandida, mama akaivaa juu ya kilemba bila kubishana.

"Mwambie asikimbize," mama alisema.

Evod alikuwa mbele yake kwa urefu wa mkono, na alisikia kila neno. Hakujibu. Alingoja.

"Mama anasema usikimbize," Kandida alisema.

"Mwambie mama nimesikia."

Wote watatu walielewa kilichokuwa kimetokea, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Pikipiki iliondoka taratibu, ikiwa na watu watatu, sahani na jogoo, na haikulalamika. Jua lilikuwa upande wa milima sasa, na kivuli cha milima kilikuwa kimeanza kuingia mashambani. Kandida alikuwa amebanwa kati ya mgongo aupendao na kifua kilichomlea. Alikuwa na furaha mpaka akaogopa kupumua. Walipita Kiberege. Kisha Kandida akahisi kidevu cha helmeti begani mwake.

"Kumbe bonde letu ni kubwa hivi," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimelilima miaka yote hii nikiwa nimeinama."

Walikwenda. Mbele ilionekana minazi michache ya mjini, na mabati.

"Mama," Kandida alisema, akikusanya nguvu. "Wageni wa kesho je?"

"Watapikiwa. Sijawahi kumfukuza mtu na njaa. Watakula wali na maharage, nitawaambia ninavyowaambia, na watarudi kwao na salamu."

"Na jogoo?"

Hapo walikuwa wamefika darajani Lumemo. Wale akina mama walikuwa bado mtoni, nguo zimeanikwa majanini, na waliposikia ngurumo walisimama wote, viganja juu ya macho. Karibu wote walikuwa wa parokia. Walimwona Evod mbele, Kandida katikati, na nyuma kabisa, chini ya helmeti ya Mzungu, Mama Serafina ambaye kila Jumapili walimhesabia mikono. Mmoja alimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Kandida alihisi mama yake akinyoosha mgongo.

"Mwambie mkwe wangu apunguze mwendo," Mama Serafina alisema. "Hawa nataka watuone vizuri."

Kandida akamwambia. Ilimbidi aseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.